Maoni ya Watanzania Kuhusu Rais Magufuli Wakati wa Korona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini suala hili bado linabishaniwa?

Kwa sababu kila upande una ushahidi wa kuonyesha, na hakuna upande wenye kipimo. Anayesema Watanzania walikuwa nyuma ya Rais John Magufuli atakuonyesha asilimia 84.4 ya kura za Oktoba 2020 na barabara zilizofurika waombolezaji Machi 2021. Anayesema wananchi walinyamazishwa atakuonyesha leseni za habari zilizofungiwa, takwimu za wagonjwa zilizokoma kutolewa, na waraka wa maaskofu. Yote hayo yalitokea katika nchi moja, ndani ya mwaka mmoja.

Majibu yaliyo hapa chini yanajaribu kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa: watu walimpenda rais kiasi gani, walikubaliana na sera yake ya korona kiasi gani, na waliamini alichosema kuhusu ugonjwa wenyewe kiasi gani. Mtu mmoja aliweza kabisa kujibu ndiyo kwa la kwanza, ndiyo kwa la pili na hapana kwa la tatu, na kwa maoni yangu Watanzania wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko inavyosemwa na wafuasi wake au na wapinzani wake.

Umaarufu wake ulikuwaje kabla ya ugonjwa kuingia nchini?

Ulikuwa umepanda sana kisha ukashuka. Shirika la Twaweza, kupitia utafiti wake wa Sauti za Wananchi unaofanywa kwa kuwapigia simu watu waliochaguliwa kwa sampuli Tanzania Bara, lilikuta mwaka 2016 kwamba asilimia 96 ya waliohojiwa waliridhika na utendaji wa rais. Hizo zilikuwa siku za kufuta safari za nje, kutumbua watumishi na kufagia barabara Siku ya Uhuru. Mwaka 2017 kiwango kilikuwa asilimia 71, na mwaka 2018 kikafika asilimia 55. Serikali nyingi duniani zingeisherehekea asilimia hiyo, lakini mteremko wa miaka miwili ulikuwa mkubwa, na ndio uliowakera waliouona.

Kilichofuata kina uzito kuliko tarakimu zenyewe. Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, ililiandikia shirika hilo ikitaka maelezo ya kwa nini utafiti ulichapishwa bila kibali, na pasipoti ya mkurugenzi wake ikazuiliwa. Miezi michache baadaye Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai, na kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya Benki ya Dunia kueleza wasiwasi wake hadharani. Kwa hiyo virusi vilipoingia, ile desturi ya kila mwaka ya kumuuliza mwananchi anamwonaje rais wake ilikuwa imeshapata jeraha, na anayedai leo kuwa na asilimia kamili ya waliomuunga mkono mwaka 2020 anapaswa kuulizwa ameitoa wapi.

Serikali ilifanya nini katika wiki za mwanzo, na ilipokelewaje?

Ilifanya karibu yale yaliyofanywa na majirani, isipokuwa kufunga nchi. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyewasili kutoka Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, na vyuo vikafuata. Ndoo za maji zenye koki zilionekana milangoni mwa maduka, benki na stendi. Daladala za Dar es Salaam ziliamriwa kubeba abiria waliokaa tu. Mafundi cherehani wakageukia barakoa za kitambaa. Amri hizi hazikuhitaji kusukumwa sana, kwani watu walikuwa na hofu ya kutosha, na wizara ilikuwa ikitoa idadi ya wagonjwa kwa utaratibu unaoeleweka.

Tofauti ilianza kusikika Jumapili ya tarehe 22 Machi, rais alipozungumza kanisani Dodoma na kusema nyumba za ibada hazitafungwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye uponyaji, na kwamba korona ni shetani asiyeweza kukaa katika mwili wa Kristo. Tangu siku hiyo nchi ikawa na sauti mbili: ya wizara iliyohimiza tahadhari, na ya Ikulu iliyohimiza kutokuwa na hofu. Kwa wiki kadhaa sauti hizo zilikaa pamoja bila kugombana waziwazi, na mwananchi alichagua ile iliyomfaa.

Ilikuwaje habari ya papai na mbuzi, na kwa nini iligeuza mjadala?

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato nyumbani kwake, rais alimwapisha Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, nafasi iliyoachwa wazi na kifo cha Augustine Mahiga siku mbili kabla. Katika hotuba yake alieleza kwamba vyombo vya usalama vilipeleka kwa siri kwenye maabara ya taifa sampuli ambazo hazikutoka kwa binadamu. Zilichukuliwa kwenye papai, fenesi, mbuzi, hata oili ya gari. Zikapewa majina ya watu, umri na jinsia, kisha zikaingizwa kwenye foleni ya kawaida ya vipimo. Papai, alisema, lilikutwa na korona. Mbuzi pia.

Kesho yake mkuu wa maabara hiyo alisimamishwa kazi. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa na Shirika la Afya Duniani vilitetea vipimo vilivyokuwa vikitumika, lakini utetezi wao ulikuja katika lugha ya kitaalamu, na habari ya papai ilikuwa imeshafika vijiweni. Siku chache baadaye utoaji wa takwimu ulikoma, ukiacha idadi rasmi ikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na idadi hiyo ikakaa hivyohivyo hadi mwaka uliofuata.

Kwa anayetaka kuelewa maoni ya umma, hotuba ile ilikuwa na nguvu kwa sababu mbili. Kwanza, msemaji alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliwahi kufundisha sekondari, kwa hiyo alijionyesha kuwa mwanasayansi anayewaumbua wanasayansi wenzake, wala hakuonekana kuwa mtu asiyejua maabara ni nini. Pili, jaribio lenyewe lilikuwa la aina ambayo mtu yeyote anaweza kulisimulia. Kueleza uwezekano wa sampuli kuchafuliwa njiani kunahitaji dakika kumi na msikilizaji mvumilivu. Kusema papai lina korona kunahitaji pumzi moja. Wako waliocheka kwa kumsifu rais na wako waliocheka kwa kumkejeli, ila wote walikuwa wakisambaza habari ileile.

Kwa nini kukataa kufunga nchi kulipendwa na wengi?

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na hapa ndipo wachambuzi wa mbali walipoteleza mara nyingi, kwa kudhani kwamba aliyeunga mkono sera hiyo alikuwa anakanusha ugonjwa.

Sehemu kubwa ya Watanzania hula kutokana na kazi ya siku hiyohiyo: machinga wa Kariakoo, mama lishe, dereva wa bodaboda, kuli wa sokoni, fundi wa mtaani, mkulima anayengoja lori la mnunuzi. Kwa mtu wa namna hiyo, agizo la kukaa ndani kwa siku ishirini na moja bila akiba na bila posho ya serikali ni agizo la kushinda njaa, na alikuwa na mifano ya karibu ya kutazama. Nchini Rwanda na Uganda watu waliamriwa kubaki majumbani. Uganda bodaboda zilizuiwa kubeba abiria. Kenya kulikuwa na kafyu tangu mwisho wa Machi, na picha za polisi wakiwacharaza virungu abiria waliosubiri kivuko cha Likoni zilisambaa kwenye simu za Watanzania siku hiyohiyo. Rais alipouliza kwenye hotuba zake kwamba watu wakifungiwa watakula nini, aliuliza swali ambalo wao walishajiuliza.

Kundi hilo, tena, lilikuwa na sababu za zamani za kumpenda. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali yake ilileta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho hakupaswa kufukuzwa na mgambo wala kunyang'anywa bidhaa. Kwa mfanyabiashara wa kandokando ya barabara aliyezoea kukimbia na beseni lake kichwani kila gari la manispaa lilipotokea, hicho kilikuwa kitu cha kushikika mkononi. Kisha tarehe 1 Julai 2020, katikati ya janga, Benki ya Dunia ikaiingiza Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, na tangazo hilo likapokelewa kama stakabadhi ya kazi iliyofanyika. Uchumi ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka huo kwa hesabu za serikali, pungufu ya miaka iliyotangulia lakini mbali na anguko lililotokea kwingineko.

Si wote waliofaidika. Waongoza watalii wa Arusha na Moshi, wafanyakazi wa hoteli za Zanzibar na wapagazi wa Kilimanjaro walikosa wageni hata bila mtu kuwafungia, kwa kuwa wageni walikuwa wamefungiwa kwao. Lakini hao hawakuwa na wa kumlaumu hapa nchini, na rais alipofungua anga mwezi Mei walikuwa wa kwanza kushukuru.

Je, wananchi waliamini kweli kwamba korona imekwisha?

Rais alitangaza mwanzoni mwa Juni 2020, akiwa kanisani Dodoma, kwamba Mungu amejibu sala na ugonjwa umeondolewa. Vyuo na kidato cha sita walikuwa wamerudi tarehe 1 Juni, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29. Barakoa zilipungua haraka, zile ndoo za mlangoni zikabaki tupu, nyingine zikapelekwa jikoni.

Hata hivyo tabia ya nyumbani haikulingana na tangazo. Kujifukiza kwa majani ya mwarobaini, mchaichai na maganda ya malimau, kunakoitwa nyungu, kuliendelea katika familia nyingi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilikuwa na dawa yake ya mitishamba iliyoitwa NIMRCAF. Tangawizi na malimau yalikuwa na wanunuzi. Rais mwenyewe alisimulia mwezi Mei kwamba mwanawe aliugua korona, akajifungia chumbani, akatumia malimau na tangawizi na kujifukiza, akapona hadi akawa anapiga pushapu. Simulizi hiyo ilikuwa na faida kubwa kisiasa kwa sababu haikukana ugonjwa. Iliukiri, ikaupa ukubwa wa mafua makali, ikaweka tiba jikoni mwa kila mtu. Asiyeamini kwamba ugonjwa umekwisha bado aliweza kumfuata rais kwa njia hiyo ya pili.

Dini ilichangia kiasi gani?

Kwa kiasi kikubwa, ingawa si kwa upande mmoja. Siku tatu za maombi ya kitaifa, kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020, ziliitikiwa misikitini na makanisani, na kuachwa wazi kwa nyumba za ibada kulihesabiwa na waumini wengi kuwa heshima waliyopewa na rais muumini. Lakini viongozi wa dini hawakuwa mwangwi wa Ikulu. Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka likionya kwamba wimbi jipya limefika na kuwataka waumini wachukue tahadhari, na mwanzoni mwa Machi katibu wake, Padri Charles Kitima, alisema hadharani kwamba zaidi ya mapadri 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika kipindi cha miezi miwili. Mkatoliki aliyempenda rais, ambaye naye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alijikuta anasikiliza mamlaka mbili anazoziheshimu zikisema mambo tofauti. Alichofanya mara nyingi ni kunawa mikono kanisani na kunyamaza kijiweni.

Je, ukimya wa watu ulikuwa ridhaa au woga?

Yote mawili, kwa vipimo visivyolingana kati ya mtu na mtu. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba gharama ya kusema ilikuwa kubwa na ilijulikana. Aprili 2020 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliifungia leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi kwa miezi sita na kulitoza faini ya shilingi milioni 5, kwa kuchapisha picha ya zamani ya rais akinunua samaki katikati ya watu kana kwamba ni ya siku za korona. Julai, Kwanza Online TV ilifungiwa kwa miezi kumi na moja baada ya kusambaza tahadhari ya Ubalozi wa Marekani kuhusu ugonjwa. Mwezi huohuo kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikapiga marufuku kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika.

Vyombo vikubwa vikianza kujipunguzia maneno, msomaji hubaki na WhatsApp, ambako sauti isiyo na jina ilidai kuona mazishi ya usiku na sauti nyingine isiyo na jina ikadai hospitali ziko tupu. Mazingira hayo hayamsaidii kiongozi kujua anapendwa kiasi gani. Humpa picha ya utulivu, na utulivu huo husomwa Ikulu kuwa ni kukubaliwa.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 haukuwa kipimo cha kutosha?

Ulikuwa kipimo cha kitu fulani, lakini si cha sera ya korona. Kwa matokeo ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Magufuli alipata kura 12,516,252 na Tundu Lissu wa CHADEMA kura 1,933,271, sawa na asilimia 13. Mwaka 2015 Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Kwa tarakimu tupu, huyu ni kiongozi aliyeongeza zaidi ya kura milioni 3.6 katika mwaka wa janga.

Tatizo ni kwamba upinzani uliyakataa matokeo ukidai kura bandia na mawakala kufukuzwa vituoni, mitandao ya kijamii ilibanwa siku za kupiga kura, na mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa kwa miaka minne kabla ya kampeni, huku waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakisema uchaguzi ulikwenda vizuri na Ubalozi wa Marekani ukisema madai ya udanganyifu yanatia shaka matokeo. Hata ukiyachukua matokeo kama yalivyotangazwa, waliopiga kura walikuwa karibu nusu ya walioandikishwa, ilhali mwaka 2015 walikuwa karibu theluthi mbili. Haiwezekani kusema ni wangapi kati ya waliobaki nyumbani walikata tamaa na siasa na wangapi waliogopa foleni.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Katika kampeni zenyewe ugonjwa haukuonekana. Viwanja vya CCM vilijaa, vya CHADEMA vilijaa, na barakoa zilikuwa za kuhesabu pande zote mbili. Mpiga kura hakuwekewa mezani chaguo kati ya kufunga na kutofunga.

Majirani walimwonaje?

Kwa wasiwasi kwenye ngazi ya serikali, na kwa mchanganyiko wa kejeli na wivu mitaani. Madereva wa malori walipimwa Namanga na Holili na kukwama kwa siku nyingi, Kenya ikafunga mpaka kwa wasafiri wasio wa mizigo mwezi Mei 2020, na mwishoni mwa Julai Tanzania ikaizuia Kenya Airways baada ya kuachwa nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wao wangeruhusiwa kuingia Nairobi bila karantini. Zuio hilo liliondolewa Septemba. Mkenya aliyezuiwa kutoka usiku na kafyu alimcheka jirani yake kwa papai, kisha akamwonea gere kwa kutembea huru. Burundi ndiyo iliyofuata njia iliyofanana na ya Tanzania chini ya Pierre Nkurunziza, hadi alipofariki Juni 2020 na mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, akautangaza ugonjwa kuwa adui mkubwa wa nchi kabla mwezi haujaisha.

Nini kilibadilika Januari na Februari 2021?

Vifo viliwafikia watu wenye majina. Kabla ya hapo, mwananchi wa kawaida aliweza kusikia msiba wa mtaa wa pili na kuuhesabu kuwa wa kawaida. Mwishoni mwa Januari chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa na korona. Tarehe 17 Februari alifariki, na siku hiyohiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Matangazo ya misiba yalikuwa yamejaa nimonia na changamoto ya upumuaji. Wiki iliyofuata Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alitokea mbele ya waandishi wa habari nje ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ili kukanusha uvumi wa kifo chake. Alikohoa na kuhema mbele ya kamera huku waliomzunguka wengi wakiwa hawana barakoa. Sidhani kama kuna hotuba ya mpinzani yeyote iliyowashtua watu kama dakika zile chache, na zilikuwa zimeandaliwa ili kuwatuliza.

Wakati huohuo msimamo wa juu ulikuwa umekazwa. Tarehe 27 Januari, akizindua shamba la miti la Silayo huko Chato, rais alitilia shaka chanjo, akisema kama wazungu wangekuwa na uwezo wa kutengeneza chanjo wangeshapata ya UKIMWI, malaria na kifua kikuu. Siku chache baadaye Waziri wa Afya mpya, Dorothy Gwajima, alisema serikali haina mpango wa kupokea chanjo, na mbele ya kamera kukaandaliwa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Baada ya misiba ya Februari rais alilegeza kidogo: akiwa kanisani tarehe 21, alisema hajakataza barakoa, ila watu watumie zilizotengenezwa nchini au walizojishonea. Barakoa zilirudi Dar es Salaam haraka kuliko zilivyoondoka, jambo linaloonyesha kwamba wengi walikuwa wakingoja ruhusa tu.

Je, umati wa msibani hauthibitishi kwamba wananchi waliikubali sera yake?

Unathibitisha upendo na mshtuko. Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha rais usiku wa tarehe 17 Machi 2021, akitaja maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Wapinzani, Lissu akiwa mbele, walidai ni korona, na serikali haikubadilisha kauli yake. Mwili ulipitishwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Mwanza hadi Chato, ulikozikwa tarehe 26. Wanawake walivua kanga na kuzitandika barabarani ili gari lililobeba jeneza lipite juu yake. Wengine waliukimbilia msafara wakilia. Katika Uwanja wa Uhuru msongamano wa tarehe 21 Machi uliua watu 45 kwa taarifa ya polisi.

Hakuna aliyelipwa ili afe kwa kukanyagwa akienda kuaga, na anayesema huzuni ile ilipangwa hawatendei haki waliokuwapo. Ila mtu haagi sera. Waliolia walikuwa wanamlilia aliyewapa kitambulisho cha biashara, aliyejenga barabara na reli, aliyewakemea wakubwa mbele ya wadogo. Kuisoma kanga ile iliyotandikwa lami kuwa ni kura ya kupinga chanjo ni kuibebesha isichobeba.

Kwa nini basi mabadiliko ya Rais Samia hayakuleta upinzani mkubwa?

Swali hili ndilo linalotoa ushahidi mzuri kuliko yote. Mwezi Aprili 2021 rais mpya alitangaza kuunda kamati ya wataalamu; mwezi Mei kamati ikapendekeza takwimu zitolewe na nchi ijiunge na mpango wa chanjo wa COVAX; tarehe 24 Julai zikawasili dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani, na tarehe 28 Julai yeye mwenyewe akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Kama sera ya Magufuli ingekuwa imani ya umma kwa maana kamili, kugeuzwa kwake ndani ya miezi minne kungeiyumbisha nchi. Haikuyumba. Chama kilekile kilipiga makofi, wabunge walewale walivaa barakoa, na Waziri Dorothy Gwajima aliyesimamia kinywaji cha Februari akasimamia chanjo ya Julai.

Pingamizi lililosikika zaidi lilitoka kwa Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM (majina yao yasiwachanganye wasomaji wa nje), ambaye Bunge lilimsimamisha kwa mikutano miwili. Lakini wasiwasi haukuwa kanisani kwake tu. Wiki nyingi baada ya uzinduzi sehemu kubwa ya dozi za kwanza bado zilikuwa kwenye majokofu, hadi wahudumu walipoanza kuzifuata kaya, minada na nyumba za ibada. Watu hawakuandamana kupinga chanjo; hawakwenda tu. Kilichosaidia kubadilisha hewa kilikuwa, tena, kitu cha kushikika: mkopo wa dola milioni 567 za Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao kupitia mpango wa shilingi trilioni 1.3 ulijenga madarasa 15,000 ambayo mitaani yaliitwa madarasa ya UVIKO.

Nchi nyingine zilishuhudia jambo kama hili?

Ndiyo, kwa sura tofauti. Kiongozi huelekea kupata sifa za ghafla janga linapoanza, kisha sifa hizo hupimwa na muda. Jacinda Ardern wa New Zealand aliyefunga mipaka mapema alikipatia chama chake asilimia 50 ya kura Oktoba 2020, ushindi wa wingi wa peke yake ambao mfumo wao haukuwahi kuutoa. Donald Trump, aliyefika asilimia 49 katika kura za maoni za Gallup mwezi Machi mwaka huo, alishindwa uchaguzi Novemba. Jair Bolsonaro wa Brazil, aliyekejeli ugonjwa na chanjo, alishindwa mwaka 2022 kwa tofauti ndogo sana. Katika nchi hizo zote mstari wa maoni unaweza kuchorwa wiki kwa wiki. Kwa Tanzania mstari huo una nukta za mwaka 2016, 2017 na 2018, kisha pengo.

Je, bado inawezekana kuliziba pengo hilo?

Kwa kuwauliza watu leo, kwa shida. Anayeulizwa sasa alimwonaje Magufuli mwaka 2020 hujibu akiwa na bei ya leo, uchaguzi wa leo na rais wa leo kichwani, na hakuna dodoso linaloweza kuvua vyote hivyo. Njia yenye matumaini zaidi ni kukusanya alama zilizoachwa wakati uleule bila nia ya kuthibitisha chochote: kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Mei 2020, wakati wabunge wa CHADEMA walipojitenga na Spika Job Ndugai akawataka warudi, vitabu vya maziko vya parokia na misikiti, mahudhurio ya shule baada ya tarehe 29 Juni 2020, yanayoonyesha wazazi wangapi waliwarudisha watoto siku ya kwanza, bei ya tangawizi sokoni mwezi kwa mwezi, na rejista za chanjo za wilaya, zenye tarehe ya kila aliyejitokeza Agosti 2021 na ya kila aliyesubiri hadi mhudumu alipobisha hodi.